Mng'ao katika Gari la Babu

Jumatatu, 4 Agosti

Likizo imeanza vizuri. Nimepata kazi. Hakuna aliyenipa, lakini nimeipata.

Gari la Babu ni la zamani, limemzidi Baba umri. Dashibodi yake ni ya chuma, rangi ya maziwa, na Babu huifuta kila asubuhi mpaka ing'ae kama sahani ya wageni. Kwa hiyo jua likipiga, dashibodi yote hupanda kwenye kioo cha mbele. Babu haoni barabara, anaona dashibodi. Leo amelipigia honi pipa la taka, kisha akalisubiri lipite.

Bibi, ambaye huliita gari lile mke mwenza, ametoa hukumu mezani. Jumamosi Shangazi anaolewa. Kama Babu atakuwa bado anafinya macho, bi harusi atapanda gari la jirani, na mke mwenza atapewa talaka. Mnunuzi yuko tayari. Babu alisukuma sahani pembeni.

Hapo nikaamua kuuondoa mng'ao huo mwenyewe.

Isitoshe, Babu ameniahidi kiti cha mbele. Dada yangu, tunayemwita Wakili kwa kuwa hajawahi kushindwa mabishano, anataka gari la jirani. Lina kiyoyozi.

Jumanne, 5 Agosti

Mwalimu wa sayansi alitufundisha kwamba weusi humeza mwanga. Nimekwangua masizi ya masufuria, kopo zima. Nikayapaka kwenye dashibodi. Yakapeperuka. Nikafikiri. Nikayachanganya na mafuta ya kupikia ili yashike. Yakashika!

Tatizo moja tu: sasa dashibodi inang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Tatizo la pili: mkono wa shati jeupe la Babu. Nimeosha gari. Nimeosha shati. Wakili amesema mimi ni daktari anayempaka mgonjwa rangi. Nimeendelea kuanika shati. Kimya kingi kina mshindo.

Alhamisi, 7 Agosti

Mahameli! Kitambaa kizito, cheusi, hakirudishi mwanga hata chembe. Ilikuwepo sketi ya namna hiyo chini kabisa ya kabati la Dada. Kitu kilicho chini kabisa hakihitajiki. Hilo ni wazi. Nimeifumua, nimeitandaza juu ya dashibodi, nimeibana kwa gundi. Kioo cha geji ya mafuta ndicho kilichokuwa kikichoma macho kuliko vyote, nikakifunika pia. Mshale ulikuwa karibu na nusu. Nimeuweka akilini.

Babu akaingia, akashika usukani, akanyoosha shingo mbele. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, kumbe ule mti wa pale kona una maua."

Nimelia kidogo. Furaha.

Ijumaa, 8 Agosti

Babu amezunguka mji mzima. Alikwenda kununua kiberiti, akarudi bila kiberiti, akaenda tena. Amepita mbele ya nyumba ya mnunuzi mara kadhaa, polepole. Amewapungia mkono watu ambao miaka yote alikuwa akiwapita bila salamu. Wengine bado wamenuna.

Bibi amekubali. Shangazi atapanda mke mwenza.

Dada anatafuta sketi yake ya mahameli, ya kuvaa kesho. Nimemsaidia kutafuta. Mdogo mtu lazima awe na adabu.

Jumamosi, 9 Agosti

Kiti cha mbele! Nyuma walikaa Shangazi na Bibi, na Dada katikati yao, amevaa gauni la mwaka juzi. Anayekaa mbele ndiye humsomea Babu geji, maana Babu haoni vya karibu. Ndiyo sheria ya gari lile tangu Bibi akiwa msichana. Babu akauliza mafuta yakoje. Nikaukumbuka mshale. Nikasema karibu nusu.

Gari likazimika mlimani, ukumbi tukiuona. Babu akafunua kitambaa. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa, kama mtu aliyemaliza kazi. Na pale kwenye ncha ya kitambaa Dada akaiona zipu.

Nitafupisha.

Waalikwa walitoka ukumbini kuja kutusukuma. Shangazi alitoa kichwa dirishani akicheka mpaka wanja ukamtiririka. Bibi naye alisukuma, akilalamika kwamba hajapata kusikia mke mkubwa akimsukuma mwenzake kwenda harusini. Babu, usukani mkononi, akatangaza kwamba angalau safari hii ameiona barabara yote, mpaka pale mafuta yalipokwisha. Kifua mbele.

Bibi akamtazama, akafuta jasho. "Haya, mzee. Mwenzangu haachwi."

Jumapili, 10 Agosti

Hukumu mpya: kiti cha mbele ni cha Dada mpaka apate sketi nyingine. Na kitambaa kimetobolewa ili geji ionekane. Sawa. Nimeridhika. Gari limebaki, na nyuma kuna nafasi ya kufikiri.

Tena nimegundua jambo. Leo tukienda kuwasalimia maharusi niliona mng'ao mmoja uliosalia, katika kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma. Nikautafuta unakotoka. Unatoka kwenye upara wa Babu.

Babu sasa hivi amesinzia barazani, na akisinzia hashtuki kwa lolote. Masizi bado ninayo, nusu kopo.

Safari hii sitatia mafuta.