Rangi Juu ya Chumvi

Jumatatu, 3 Novemba

Mwezi wa nane tangu niondoke nyumbani. Binti yetu nilimwacha wa kubebwa tu, kazi yake kunyonya na kulala. Leo mke wangu kapiga simu: mtoto anasimama! Anashika kitanda, anasimama, anakagua watu. Siku yoyote atapiga hatua. Nikasema hatua hiyo lazima niione. Nilisema kwa sauti kubwa mpaka fundi bomba, ninayelala naye chumba kimoja, akacheka, uso kaufukia kwenye mto.

Nimemwendea nyapara. Ruhusa ipo, akasema, nikimaliza kupaka rangi vyuma vya baraza za nyumba zote za wageni, mstari mzima unaotazama bahari. Halafu onyo lake la kila siku: osha chumvi kwanza, acha vikauke, ndipo upake.

Watu hulipa ili waje hapa. Siwashangai. Upepo mzuri, na kazi haiishi. Haiishi kwa sababu chumvi inakula kila kitu. Ukifika baraza ya mwisho, ya kwanza imeshaota kutu. Kwa kibarua ni neema. Kwa baba wa mtu ni kifungo.

Jumanne, 4 Novemba

Maji hakuna. Msimu umeanza, wageni wanaoga asubuhi, mchana, na kabla ya kwenda kuogelea! Sisi tunafunguliwa bomba jioni kidogo, na ufunguo anao fundi bomba. Nikamwomba ndoo mbili. Akataka kwanza nimwite mhandisi. Nikamwita. Akataka nirudie mbele ya mpishi. Nikarudia! Akashukuru, akasema maji bado hakuna.

Chumba chetu nacho kapewa mgeni. Tumehamishiwa stoo ya rangi. Mke wangu kauliza kama dirisha langu linaona bahari. Nikasema naisikia vizuri sana. Si uongo mkubwa. Jenereta la nyuma ya stoo likizimwa, naisikia.

Jumatano, 5 Novemba

Nimepata akili. Chumvi yenyewe haionekani. Kitu kisichoonekana unakiosha cha nini? Nimepaka baraza nne bila tone la maji. Nimezifuta kwa kitambaa, kwa heshima tu. Zinang'aa! Nyapara akapita, akasimama, akasema safi sana. Mhandisi kanuna. Nikamwambia ufunguo wake aulalie.

Kwa mwendo huu wiki haiishi sijamaliza. Nimefunga begi.

Ijumaa, 7 Novemba

Malengelenge! Rangi yote imevimba kama mguu ulioungua. Mgeni mmoja, mama mtu mzima, kaegemea chuma kutazama bahari, kaondoka na nusu ya kazi yangu kwenye kiwiko. Kacheka, Mungu ambariki. Nyapara hakucheka.

"Uliosha?"

Nikasema nilifuta.

"Nimekuuliza, uliosha?"

Nikatazama bahari. Nzuri kweli ukiwa na kosa.

Akasema, "Mdogo wangu, kwaruza zote. Anza upya." Mdogo wangu! Bora angenitukana.

Jioni fundi bomba kaniletea ndoo mbili za maji, kazijaza na kuzibeba mwenyewe. Hata cheo hakudai. Zimetosha baraza moja.

Jumamosi, 8 Novemba

Simu ya mke wangu. Nikauliza habari za mtoto. Akasema bado, bado kabisa, wala hana haraka, anamsubiri baba yake. Palepale nyuma yake nikamsikia mama mkwe akipiga kelele: "Jamani mdakeni huyo, anafika mlangoni!"

Simu ikafunikwa kwa mkono.

Mke wangu akasema ni mbuzi. Hatuna mbuzi. Nikamwambia basi amwangalie vizuri huyo mbuzi asijikwae kizingitini. Akasema sawa, baba. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayefuta macho. Na mimi nikafuta yangu, nikasingizia upepo, maana huku upepo hausemi hapana.

Nimeamua. Sikusikia kitu. Nikifika nitashangaa kama kawaida ya baba yeyote. Nimefanya mazoezi ya kushangaa hapa stoo. Fundi bomba anasema nafanana na mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Akanionyesha yeye alivyomshangaa mtoto wa kwake alipotembea, mikono yote kichwani. Naye hakuwepo, kumbe. Alishangaa wiki tatu baadaye, na mtoto hakugundua kuwa anaigiza. Tukafanya mazoezi pamoja.

Jumapili, 9 Novemba

Baraza bado nyingi, maji bado ya kuombwa. Lakini leo nimeamka na akili mpya, na hii haina kasoro. Nyapara mwenyewe hueleza kila siku kwamba chumvi kwenye vyuma inaletwa na upepo. Upepo! Maji hajayataja hata siku moja. Na maji si hayo hapo? Bahari nzima, haina bomba, haina ufunguo, haina mhandisi. Miezi yote hii nilikuwa kipofu!

Nimeteka ndoo mpaka mgongo ukalia, nimeosha mstari wote kabla ya chakula cha mchana. Jua limevikausha upesi. Vimebaki na weupe fulani hivi, kama unga. Nadhani ndio usafi wenyewe. Kesho napaka.

Nimempigia mama mkwe, nikamwamkia, nikamwomba neno hili lisifike kwa binti yake. Alhamisi jioni nipo mlangoni. Mtoto amkalishe chini, hatua ya kwanza aianze upya mbele yangu.