Gunia la Mawele Nyuma ya Ghala

Leo nimeaibika, mama zangu wa kule Tulia. Nimeaibika mpaka uso sina pa kuuweka. Nawaandikia haraka kabla jua halijazama, kwa sababu Nduku, jirani wa huku Nuu, kesho anashuka sokoni kwenu, na mdomo wa Nduku mnaujua. Abdi wa mbuzi amekubali kubeba barua hii, naye anatembea upesi kuliko Nduku. Basi sikieni kwangu kwanza. (Herufi zikipinda msinilaumu. Nilijifunza kusoma kanisani nikiwa tayari na wajukuu.)

Mnajua nilikuja huku kwa binti yangu Mumbua kumsubiri ajifungue. Amejifungua msichana! Mzima, mnono, ana sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Ni msichana wake wa pili. Wa kwanza alipewa jina la Syokau, mama wa mume. Kwa hiyo huyu wa pili ni wangu. Ni Katunge. Ndiyo desturi yetu, haina mjadala.

Lakini siku ile mtoto alipozaliwa, Syokau alikuwa anapepeta mtama, akaniambia bila hata kuinua macho:

"Mama Mumbua, unajua marehemu dada yangu hana mtu aliyeitwa jina lake? Nawaza tu."

Unawaza tu! Nduku alicheka, nami nikamwangalia mpaka akanyamaza.

Kwetu jina hutolewa siku ya tatu. Na mimi nilikuwa nimeshakesha na uchungu wa Mumbua, mgongo umekauka kama ngozi iliyowambwa. Mwenye akili angelala. Mimi nikakaa. Nilikaa kando ya mtoto, macho nje, nikihofia kwamba nikisinzia tu watamwita kwa jina la huyo dada na mambo yatakuwa yamekwisha. Mchana nao sikulala, nisije nikaambiwa mama wa Mumbua ni mvivu. Mimi! Niliyelima upya shamba zima mwaka ule wa nzige na kiuno changu hakikulalamika! Nikajiambia usingizi ni kazi ya paka.

"Mwaitu, mama yangu, lala kidogo," Mumbua aliniambia jana.

"Nitalala mtoto akishakuwa Katunge."

"Macho yako ni mekundu kama pilipili. Utaanguka."

"Nimekuzaa wewe na ndugu zako wote, umeniona nikianguka?"

Akageukia ukutani. Huyo amerithi kichwa changu, lakini jana alikuwa na haki.

Leo asubuhi, siku ya jina, niliamka wa kwanza. (Kuamka gani? Sikuwa nimelala.) Nikachukua kibuyu nikaenda kukama. Nikachuchumaa, nikashika, nikavuta. Mbuzi akageuza shingo, akanitazama kwa huruma kubwa sana. Beberu!

"Unatafuta nini huko, Mama Mumbua?" Syokau aliita kutoka mlangoni kwake.

"Kupe!" nikasema.

"Ukimpata utuonyeshe."

Nikaenda kupika uji wa wageni. Niliukoroga kwa bidii, jasho likanitoka, nikashangaa kwa nini hauwi mzito. Mumbua akachungulia ndani ya chungu. "Mwaitu, hapa hakuna unga." Yalikuwa maji matupu, mama zangu. Nilikuwa nakoroga maji. Na nilipotoka kwenda kuleta kuni nikamsalimia Nduku, hakuniitikia, nikamsalimia tena, kimya, nikaanza kumtukana. Kilikuwa kisiki.

Hapo nikaogopa. Masikio yalikuwa yanavuma kama mzinga wa nyuki. Lakini kuogopa ni jambo moja, na kulala ni jingine. Saa ya jina ilikuwa inakaribia.

Sasa, Abdi, najua utamwomba mtu akusomee barua hii njiani, basi nakueleza wewe, maana hawa wengine wanajua. Kwetu Wakamba mwanamume na mama wa mke wake wana nthoni. Ndiyo haya kubwa ya ukwe. Hawaonani uso kwa uso, hawakai pamoja, hawagusani hata upindo wa nguo. Mutinda, mume wa Mumbua, akitaka kupita uani anakohoa, nami najifunika shuka kichwani. Nikipita mimi, yeye anaingia kichakani. Tangu nifike hapa tumekwepana kama paka na panya, ila hapa wote wawili ni panya. Akimkosea nthoni mama mkwe, au mama mkwe akimkosea yeye, ni aibu ya nyumba zote mbili, na mbuzi anachinjwa kuisafisha. Umeelewa, Abdi? Haya. Tuendelee.

Wanawake wakaanza kufika na vibuyu vyao na vyondo vyao. Syokau akanishika kiwiko.

"Nenda ukajinyooshe, Mama Mumbua. Tukiwa tayari tutakuita."

Ahaa! Nilale, niamke, nikute mtoto anaitwa jina la marehemu! "Sijachoka," nikasema, na nikijibu hivyo nilikuwa nimeegemea mlango. Nikapanga hila. Nitakwenda nyuma ya ghala. Pale kuna kivuli, na kila neno la uani linasikika. Nitapumzisha mgongo, masikio yatabaki kazini.

Nyuma ya ghala palikuwa na gunia kubwa la mawele limeegemea nguzo. Nikajibwaga kando yake. Nikaliegemea.

Gunia lilikuwa na joto. Nikajiambia ni jua. (Kivulini! Jua la wapi?) Gunia likapanda, likashuka, likapanda. Nikajiambia ni pumzi zangu mwenyewe. Kisha gunia likakoroma.

"Nyamaza," nikaliambia.

Likanyamaza. Nikalala.

Mama zangu, usingizi ule! Sijui niuiteje. Nilizama kama jiwe kisimani. Sikusikia wakiniita. Wanasema waliita uani, wakaita kwa Mumbua, wakaita mpaka kwenye mto, Syokau akasema hataki mtu aguse mtoto kabla sijapatikana. Mimi hata. Kitu cha kwanza nilichosikia ni kimya. Kimya cha watu wengi.

Nikafungua jicho. Wanawake wote walikuwa wamesimama pale, Nduku mbele, kiganja mdomoni. Nikajifuta mate. Nikaona mate hayakuishia kwangu. Yalikuwa yametelemka mpaka kwenye bega, na lile bega halikuwa langu. Gunia lilikuwa limeteleza chini. Ndani yake, au niseme chini yake, kulikuwa na sikio. Na sikio lile nalijua. Mumbua alilisifu kabla ya kuolewa.

Mutinda!

Naye maskini alikuwa hajalala tangu mtoto aanze kulia. Alikuwa ametoroka wageni, akajifunika gunia tupu kwa sababu ya nzi. Akafungua macho. Akanitazama. Nikamtazama. Uso kwa uso, pua kwa pua, kichwa changu bado begani kwake.

"UUWIII!" Huyo hakuwa mimi. Huyo alikuwa Mutinda.

Aliruka akakimbilia moja kwa moja kwenye ua wa miiba. Hakuuruka. Aliingia ndani yake kama kuku, akanasa. Mimi nikavuta nguo iliyokuwa inaning'inia miibani karibu nijifunike uso upesi, kama mwanamke mwenye adabu.

"Mama Mumbua!" Nduku akapiga kelele. "Hiyo ni shuka ya mkweo! Umemvua ujifunike wewe!"

(Mungu abariki kaptura. Hilo tu nasema.)

Wanawake walianguka chini kwa kicheko. Mmoja alikumbatia nguzo ya ghala. Lakini mimi sikuwa na kicheko. Chini ya ile shuka nilikuwa nalia. Nilikuwa nimefanya kosa kubwa kabisa mbele ya upande wa mume, siku ileile, saa ileile. Jina langu limekwenda, nikawaza. Syokau sasa ana sababu. Nikangoja aseme.

"Leteni mtoto," Syokau akasema. "Mwenye jina amepatikana."

"Jina gani?" nikauliza nikiwa gizani mwangu.

"Jina lako! Kuna lingine?"

"Na marehemu dada yako?"

Syokau akasema polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa: "Mama Mumbua. Mimi sina dada."

"Huna dada?"

"Nilizaliwa katikati ya wavulana watupu. Nilikuambia siku tulipoleta mbuzi wa posa, tukakaa pamoja ukanionea huruma mpaka ukatoa machozi. Nilikuwa nakutania tu! Nilingoja unirudishie utani, wewe ukanitolea macho. Nikafikiri una homa."

Nilikumbuka. Nilikumbuka kila kitu, hata kibao nilichokalia siku hiyo. Nilijua habari hiyo, na kichwa changu kilichokataa kulala kilikuwa kimeidondosha njiani, halafu kikaniletea hofu badala yake.

Basi ikabaki kumvika mtoto uzi wa shanga. Kwa nyumba yetu anayemvika ni mwenye jina. Lakini Mutinda bado alikuwa amenasa miibani hapo karibu, anaomba panga, kwa hiyo sikuweza kufunua uso. Nikapapasa. Nikahisi shingo laini, ya mviringo. Nikavisha shanga, nikasema kwa sauti ya machozi, "Karibu duniani, Katunge."

"Hicho ni kibuyu cha uji," Syokau akasema.

Hapo hata Mutinda alicheka, nikamsikia, halafu akalia "aai!" kwa sababu ya mwiba.

Mtoto alivikwa. Ni Katunge, hakuna wa kumbadilisha. Wanaume walimkata Mutinda kutoka miibani, na mbuzi wa kusafisha nthoni atachinjwa kesho. Halafu Syokau alinitandikia ngozi nyumbani kwake, akafukuza kuku na watoto, akakaa mlangoni na fimbo.

"Lala," akasema. "Sitaki mtoto awe na bibi anayekama mabeberu."

Nikalala mpaka jua likainama. Nilipoamka kichwa kilikuwa chepesi. Masikio yalikuwa yameacha kuvuma. Njaa ikanishika, njaa nzuri ya msichana. Nikamwona Syokau pale mlangoni, nikaona ana uso mwema, nikashangaa ule uso mbaya niliouona siku zote hizi ulikuwa wa nani. Mimi nilidhani usingizi ni kama sukari, kitu cha kuongeza ukipenda. Kumbe ndio unga wenyewe. Bila huo unakoroga maji.

Nduku akiwasimulia, mwambieni mnajua zaidi yake. Na kama hamwezi kujizuia kucheka, chekeni kwa sauti ndogo. Katunge mdogo amelala, na mkubwa anamfuata sasa hivi.