Nilisema Bado Mara Tatu

Rafiki yangu, wewe siri zangu umezitunza tangu tukiwa wasichana. Basi kaa chini nikwambie hii mwenyewe, kabla hujaipata sokoni imeshaharibika.

Leo nimeumbuka.

Tena si kidogo. Nimeumbuka mbele ya afisa elimu, mbele ya mwalimu, mbele ya darasa zima la jioni, na mgongo wangu umesomwa kwa sauti kama somo la kwanza misani!

Unajua nasoma jioni hapa Bombambili, kwenye madawati ya watoto (magoti yanagusa kidevu, lakini nimo). Na unajua kwa nini. Baba alinitoa shule nikiwa na miaka kumi na minne. Sasa nataka mafunzo ya wahudumu wa afya, na wao wanataka bayolojia, na sisi bayolojia hatukuruhusiwa kuifanyia mtihani. Eti hatuna maabara. Leo afisa alikuwa anakuja kutupima. Akiona tunaelewa, tunaandikishwa. Akiona ubabaishaji, mimi nabaki na maandazi yangu mpaka kaburini.

Mwalimu Fidelis alituchagulia seli ya hamira. Nikafurahi! Hamira si naikanda kila alfajiri? Kumbe nilikuwa siijui. Kila chembe yake ni kiumbe hai, na kinazaa kwa kujigawa. Kabla hakijajigawa kinanakili kromosomu zake, yaani zile nyuzi zenye maagizo yote ya uhai wake. Kila moja inakuwa mbili, pacha, zimeshikana.

"Kama doti ya kanga," nikasema.

Mwalimu akaacha kuandika. "Hebu rudia, mama."

"Doti ikitoka dukani haijakatwa. Kanga mbili, maua yale yale, maneno yale yale, zimeungana katikati."

Alifurahi mpaka chaki ikamdondoka. Na hapo ndipo nilipojiponza. (Mdomo huu!)

Akina mama wa parokia tulinunua kanga za aina moja kwa ajili ya sikukuu ya mtakatifu somo wetu. Doti tatu zilikuwa hazijakatwa bado, nikaziazima. Ya kwangu nilikuwa nimeshaivaa kiunoni. Hilo lishike.

Mpango ulikuwa hivi. Doti tatu juu ya meza, katikati ya darasa. Wanafunzi nusu kulia, nusu kushoto, na kamba za katani zenye pini kubwa mwishoni. Katika kila doti, kanga moja ishikwe na kamba ya kulia, pacha wake ashikwe na kamba ya kushoto. Pale zilipoungana, ndipo kuna pete ya protini inayozishikilia zisiachane mapema. Mama Rehema, fundi cherehani, Myao wa Tunduru, yeye ni protini mkasi. Anachanja pale katikati, wavutaji wanavuta, pacha wanaachana, kila upande, ndiyo seli mpya, unapata kanga tatu.

Na mimi? Mimi ni protini mlinzi. Kazi yangu kusimama pale mezani na kusema "Bado!" mpaka kila kanga iwe imeshikwa. Ikibaki hata moja, mkasi haugusi kitu. Mwalimu mwenyewe alituambia: hamira haina haraka, maana ikikosea hapo watoto wake wanazaliwa na upungufu, au wanakufa kabisa. Jamani, kazi hiyo nimezaliwa nayo. Kukataa naweza.

Saa kumi na moja afisa akaingia. Kijana wa kumzaa, suti, saa kubwa mkononi. Watu wazima tukasimama kumwamkia kama watoto wa darasa la kwanza.

Kamba zikaanza kufungwa. Nikahesabu. Kulia tatu. Kushoto mbili.

"Mzee Kalisto, ya kwako iko wapi?"

Mzee Kalisto ndiye mkubwa kuliko sote darasani, na miwani alikuwa ameisahau nyumbani. "Imeshika, mama. Imeshika vizuri sana!"

Nikaangalia mezani. Siioni.

"Bado!"

Afisa akatazama saa. Mwalimu akaninong'oneza, "Mama Anna, achia."

"Bado!"

"Mama, mgeni ana haraka!"

"Hamira haina haraka, mwalimu. Bado!"

Mama Rehema ananiangalia mimi, anamwangalia mwalimu, mkasi uko hewani. Maskini, afanyeje? Mwalimu akapaza sauti: "Kata! Vuteni!"

Chraaa! Doti ya kwanza. Chraaa! Ya pili. Ya tatu ikaondoka nzima nzima kwenda kulia, maana kushoto hakuna aliyeishika. Na pini ya Mzee Kalisto? Alikuwa ameichomeka kwenye kanga yenye maua yale yale na maneno yale yale. Yangu. Ya kiunoni. Na anavuta kama anamtoa ng'ombe kwenye matope!

Yesu, Maria na Yosefu! Nikazunguka kama pia. Niliposimama, kanga haipo.

Usiniulize ndani nilivaa nini. Haya, nakwambia. Shimizi. Najua siku hizi mitumba imejaa, shimizi laini za Wazungu tele, lakini mimi nguo ya ndani ya mtu nisiyemjua sivai. Ya kwangu nimeishona kwa mfuko wa unga wa ngano, ule wa kitambaa. Maandishi nimeyafua kwa sabuni, nimeyafua kwa majivu, yamegoma. Na Mzee Kalisto, ambaye kiuno cha mtu mzima hakukiona, hayo akayaona! Akasoma, tena polepole, kama tulivyofundishwa:

"Unga... safi... wa ngano. Kilo... hamsini. Weka... mahali... pakavu."

Kilo hamsini! Mimi na kilo hamsini tuliachana kabla sijaolewa!

Darasa lote likavunjika mbavu. Afisa mzima anafuta machozi kwa tai. Hakuna hata mmoja aliyeniokotea kanga! Mlango ulikuwa wazi. Lakini nikawaza, nikikimbia mimi, bayolojia nayo imekimbia. Nikabaki.

Kicheko kikamwisha afisa. Akatazama mafungu ya kanga, akakunja uso. "Mwalimu, si ulisema kila upande utapata tatu?"

Mwalimu akaanza kuzihesabu upya.

"Hawawezi kupata tatu," nikasema, na shimizi yangu hivyo hivyo. "Kulia wana nne. Kushoto wana mbili, hiyo ya tatu ni yangu, naomba nirudishiwe. Seli ya kushoto haitapona, imekosa maagizo. Na sababu ni moja, mkasi umekata kabla mlinzi hajaridhika. Mlinzi ni mimi. Nimesema bado! Hamira haina macho, haina cheti, haina mgeni wa kumfurahisha, lakini ingesubiri!"

Mama Rehema akavua kanga yake ya mabegani, akanifunga kiunoni.

Afisa akafunga daftari lake. "Kosa limetokea na kuna mtu amenieleza ni kosa gani na kwa nini. Mwalimu, waandikishe wote. Na mzee aje na miwani siku ya mtihani."

Ungedhani yameishia hapo. Thubutu! Nafika karibu na nyumbani, jirani ananiita, "Kilo Hamsini, za jioni?" Mwingine naye ana habari yake: eti darasani tulikuwa tunapika pombe, hamira ikanipanda kichwani, nikavua nguo mbele ya mgeni. Mimi! Ambaye hata togwa ikichacha siimezi!

Kwa hiyo, rafiki yangu, siku zote nakuomba usimwambie mtu. Leo nakuomba umwambie kila mtu. Karatasi hii ukimaliza mpe wa jumuiya yako, naye ampe mwenzake, mpaka ifike sokoni ulikoanzia ule uongo. Kucheka wacheke, siwazuii. Ila atakayeinakili ainakili kama doti, maua yale yale, maneno yale yale. Na zile "bado" ziwe tatu.