Tanuri Lisilo na Mgongo

Jumatatu, 3 Novemba
Umeme umekuwa karibu na bure. Ushirika wa umeme umetangaza kwamba bwawa la mto Paraná linazalisha kuliko tunavyoweza kutumia, kwa hiyo sisi majirani zake tutalipa kidogo tu, kwa ajili ya heshima. Wenzangu walisherehekea. Mimi nilifikiri. Miaka yote nimeoka chipa, mikate yetu ya jibini na wanga wa muhogo, nikiwa mtumwa wa kuni. Basi tena. Nimebomoa tanuri la udongo la marehemu baba na kuweka mawili ya umeme. Benigna, anayenikandia unga tangu hajaota mvi, akauliza kama sasa tutakuwa tunamaliza kazi mapema. Nikamwambia hajaelewa maana ya maendeleo.

Jumanne, 4 Novemba
Kumbe kuni ndizo zilizokuwa zinatupumzisha. Tanuri likipoa, tulikaa tukangoja. Sasa hakuna kungoja. Tumeoka asubuhi, tumeoka mchana mji mzima ukiwa umefunga madirisha na kulala, tumeoka jioni. Benigna alisinzia wima, mikono ndani ya unga. Nilimwamsha kwa upole. Akasema, "Don Crescencio, tanuri halina mgongo. Mimi ninao." Nikamwahidi feni.

Alhamisi, 6 Novemba
Chipa zimejaa hadi kwenye kitanda cha wageni. Wateja ni wale wale. Inaonekana tangazo la ushirika halikunihusu mimi peke yangu: siku hizi hata mke wa kinyozi ananukia jibini.

Ña Eustaquia, mama muoka chipa wa ng'ambo ya barabara, naye ana tanuri la umeme, lakini biashara haijui. Anaoka kiasi kile kile cha zamani, anafunga saa sita, kisha anakaa uani na wafanyakazi wake wakipokezana kibuyu cha terere, chai yetu ya maji ya barafu. Aliniona nikichungulia, akauliza nimepoteza nini. Nikasema napima barabara.

Nimekaa nikiwaza. Saa zilizokuwa zikiliwa na kuni, yeye amewagawia watu wake. Mimi nimezirudisha tanurini. Yaani ana saa nzima nzima ambazo hazifanyi kitu. Hasara iliyoje.

Ijumaa, 7 Novemba
Benigna ameondoka. Hakugomba. Alifuta meza, akakunja aproni, akasema Ña Eustaquia anampa kazi ya asubuhi na usingizi wa mchana. Nimekanda mwenyewe. Mteja wa kwanza alitafuna, akauliza Benigna anaumwa nini. Wa pili alirudisha. Bila mikono yake sina duka, nina joto tu.

Jumamosi, 8 Novemba
Nilikwenda kumbembeleza. Nilichagua mchana, kwa kuwa saa hiyo kila mtu yuko nyumbani. Katika mji huu hakuna anayegonga mlango watu wakiwa wamelala, ila kwa msiba. Nikagonga.

Sauti yake ikatoka ndani, "Nani amekufa?"

Nikasema hakuna.

"Basi rudi akifa mtu."

Barazani palikuwa na kitanda cha wavu kinachoning'inia. Nikaketi kungoja. Nilipozinduka, vivuli vilikuwa virefu na mtu alikuwa amenifunika uso kwa kitambaa, nzi wasinisumbue. Benigna alinipa terere. Tukapokezana kibuyu. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilipumua hivyo. Nikamwambia arudi, kwa sharti lolote atakalo. Akasema sharti lake ni moja: saa sita tunafunga. Nikaapa. Akasema atakuja Jumatatu, na kwamba nikivunja kiapo, asije akaniona tena pale barazani.

Jumapili, 9 Novemba
Nimeamka na wazo. Watu wanapenda usingizi wa mchana na umeme ni karibu na bure. Saa sita duka likifungwa, ukumbi unabaki mtupu. Nitaning'iniza vitanda vya wavu, kila kimoja na feni yake, watu walale kwa zamu na kulipia. Atahitajika mtu wa kukaa macho, kuwafunika nyuso na kuwaamsha. Mtu mpole. Benigna ana mkono huo hasa, na kuanzia kesho mchana wote atakuwa hana kazi.

Nakwenda kumweleza leo, saa nane mchana. Sitaki nimkose.