Mchuzi Mwepesi wa Mzee Habakuki

Jumatatu, 14 Julai 2025

Afadhali! Njia ya kutoka kwenye mkonge imepatikana.

Bibi aliyekuwa anapika kwenye jiko la kiwandani amestaafu, amerudi kwao Lushoto. Nafasi iko wazi. Kazi ya kivulini! Hakuna mwiba, hakuna kuinama, na mpishi anaonja kabla ya watu wote. Nina miaka arobaini na saba. Kumi na mmoja nimeimalizia hapa Ngombezi nikikata majani, na mgongo wangu umeshaanza kudai kurudi Kasulu bila mimi.

Mzee Habakuki, mnyapara wetu, ametangaza asubuhi tulipopanga mstari. Naye hula kwenye jiko hilo mchana. Muuguzi wa zahanati amempima akamkuta na mafuta mengi kwenye damu. Amemkataza michuzi mizito. Lakini mzee anapenda tambi kwa mchuzi wa nyama ya kusaga, na binti yake anayefanya kazi hotelini Arusha ndiye aliyemzoesha. Kuacha hataki. Anataka mchuzi uleule, ila uwe mwepesi. Atakayeuweza Jumamosi, jiko lake.

Nikanyoosha mkono. Nikasema nimewapikia mapadri wa Kiitaliano kule misheni, miaka mitatu. Ukweli nilikuwa nawachotea maji. Lakini dirisha la jiko lilikuwa wazi na pua yangu ilikuwa nzima.

Semboja naye akanyoosha. Huyu tunagawana ukuta mmoja kambini, akipiga chafya mimi ndiye ninayeamka. Akasema mbele ya watu kwamba Waha hawajui mafuta mengine zaidi ya mawese, kwa hiyo mchuzi wangu utatoka mwekundu kama barabara ya Kwamndolwa. Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, kwa hasira.

Jumanne, 15 Julai

Nimefikiri siku nzima. Nimejichoma na mwiba mara mbili kwa kufikiri.

Tatizo ni hili. Nyama ya kusaga inatoa mafuta. Ukiyaacha, mzee anakufa. Ukiyatoa, utamu unaondoka nayo. Sasa unatoa nini, unaacha nini?

Jioni nikamwendea dada Hajira, anayeuza uji na maandazi mlangoni mwa kambi. Mzigua wa hapahapa, mjane, hana maneno mengi. Nikamuuliza kwa mbali, kama mtu anayemuulizia rafiki yake. Akaniambia bila hata kuinua macho kwenye karai: chemsha nyama kwanza peke yake, iache ipoe, mafuta yatapanda juu yagande, yaondoe na kijiko. Halafu kitunguu, nyanya nyingi, karoti ya kukwaruza, bilinganya iliyokatwa ndogondogo ili nyama ionekane nyingi. Basi.

Basi! Nikamuuliza itachukua muda gani kupoa. Akasema saa mbili tatu, na baridi hii. Nikamwambia ahsante. Ningekuwa na subira hiyo ningekuwa padri mwenyewe.

Akaniita nikiwa nimeshageuka. Akasema nimsalimie huyo rafiki yangu.

Jumatano, 16 Julai

Nimegombana na Mmasai.

Loishiye ni mfugaji wa Kwaluguru, kule Handeni. Jumatano na Jumamosi analeta nyama kambini kwa pikipiki, na mashine yake ya kusagia ya mkono kaifunga nyuma. Mimi nikaona dawa ya mafuta ni kuanzia kwa ng'ombe. Nikamwomba kwa adabu aniletee nyama ya ng'ombe aliyekonda.

Akaniuliza nimesema nini. Nikarudia. Aliyekonda sana, nikasema, hata kama anayumba.

Nilidhani ananisikiliza, kumbe anavimba. Akaniuliza ni nani ameniambia ng'ombe wa baba yake wamekonda. Taja jina! Nikamwambia hakuna aliyesema. Akasema basi nimesema mimi. Akawaita wanunuzi wengine waje wamwone mtu anayetafuta mzoga. Nikaomba radhi. Nikaomba tena. Mwisho akalainika, akanishika bega, akasema naonekana mtu mzuri ila nimeishi mbali na mifugo. Kunionyesha kwamba yamekwisha, akaniongezea bonge la mafuta ya figo, akayasaga pamoja na nyama yangu kabla sijafungua mdomo. Ya heshima hayo, akasema. Mgeni hapewi nyama kavu.

Nikashukuru kwa mikono miwili. Ungefanyaje?

Nimepika kwa majaribio. Mchuzi ulikuwa na kina cha mafuta cha kuogelea chura. Nimekula wote. Mtamu sana, Mungu anisamehe.

Alhamisi, 17 Julai

Nimepata! Nimepata! Nimepata!

Nimepelekwa kiwandani kusaidia kupakia. Fundi alikuwa anafuta grisi kwenye mashine kwa singa, zile nyuzi mbichi nyeupe zinazotoka baada ya jani kusagwa. Akashika fumba moja, akapitisha mara moja tu. Chuma kikang'aa. Grisi yote imeng'ang'ania kwenye nyuzi.

Nikasimama pale kama aliyeona malaika. Singa inakunywa mafuta! Miaka kumi na mmoja nakata hii mali na sikujua nakata chujio.

Zilizokauka zimefungwa marobota, mlinzi anazitazama. Nikachukua fumba la mbichi zilizodondoka chini ya mashine, nikazitia kifuani ndani ya shati. Mpaka nafika kambini kifua kilikuwa kinaniwasha kama nimelala kwenye upupu. Ni yale maji ya mkonge. Si kitu. Ngozi yangu imeshayazoea. Nimezisuuza mara moja, zimetulia.

Nimepita mlangoni kwa Semboja nikipiga mluzi. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia sina kitu. Amehangaika jioni nzima. Nimelala vizuri.

Jumamosi, 19 Julai

Leo ndiyo leo.

Loishiye kanisagia nyama, kaweka tena mafuta ya heshima. Sikubishana. Weka baba, weka! Nikakaanga vitunguu, nyanya, karoti, vitunguu saumu, nyama ikachemka, mafuta yakapanda mekundu juu. Nikafunga mlango. Nikatandaza singa juu ya sufuria nyingine, nikamimina mchuzi polepole, nikakamua.

Jamani. Yakabaki yote kwenye nyuzi! Mchuzi ukashuka chini hauna hata jicho moja la mafuta. Nyama iliyonasa nikaikung'uta nikairudisha. Nilitaka kupiga magoti.

Mzee Habakuki alikaa kwenye meza karibu na mizani ya kiwandani, na leso kifuani. Akaanza na mchuzi wa Semboja. Mwepesi kweli, lakini ni maji na nyanya, nyama ilipita tu kusalimia. Mzee akala vijiko vitatu, akasema ahsante mwanangu. Ahsante ya msibani.

Akaja kwangu. Akatazama juu ya mchuzi, akainamisha sahani huku na huku akitafuta mafuta. Hakuna. Akala. Akakohoa kidogo. Akala tena. Sahani mbili! Akajifuta, akasema majibu Jumatatu kwenye mstari.

Nilirudi nimeshakuwa mpishi. Nikakaa kukomba sufuria, maana asubuhi nilionja kwa ncha ya kidole tu. Nikala vijiko vinne vitano. Robo saa haikupita. Ulimi ukaanza. Halafu midomo. Halafu koo, linawasha ndanindani mahali ambapo mkono haufiki. Nimekunywa ndoo. Nimekula majivu. Nimekwaruza koo na mkate mkavu.

Ngozi yangu imeshauzoea mkonge. Sikujua koo nalo lina ngozi, na kwamba halijawahi kukata jani hata moja.

Mimi nimekula vijiko vitano. Mzee amekula sahani mbili.

Jumapili, 20 Julai

Mzee hayuko kanisani.

Mimi Mkatoliki, lakini nilisimama nje ya kanisa lao la Kilutheri kuhesabu vichwa. Kwenye kwaya yeye ndiye sauti ya chini. Leo waliimba bila chini, kama nyumba imeondolewa msingi.

Nikaenda kwake. Kufuli. Jirani akasema ameondoka alfajiri kwa pikipiki, amejifunga leso mdomoni, hakusalimia mtu.

Mdomoni! Hakuweza kusema! Amepelekwa hospitali ya Korogwe, midomo imevimba kama maboga, na anafia huko bila kujua kimemuua nini. Mzee aliyenipa ruhusa ya wiki nzima mama alipofariki. Mzee ambaye hajawahi kunitukana, na nimempa sababu nyingi.

Nimefungasha begi. Nimefungua. Nimefungasha tena. Kasulu ni mbali, na polisi wana magari. Semboja akagonga ukuta, akauliza mbona nahangaika. Nikamwambia mende.

Jumatatu, 21 Julai

Naandika kwa furaha.

Asubuhi tulipanga mstari. Mzee hayupo. Miaka yote hajawahi kukosa! Msaidizi wake akachukua daftari la majina. Akaita jina langu. Nikajisikia natoka mbele, miguu inaenda yenyewe. Nikasema nimemuua Mzee Habakuki. Nikaeleza yote. Mapadri, maji ya kuchota, singa chini ya mashine, kifua, mlango kufungwa, kukamua. Nikasema nichukueni, ila barua iende kwa mke wangu Kasulu, na isiandikwe na Semboja. Nikalia mbele ya watu sitini.

Ndipo pikipiki ikaingia.

Dereva Loishiye. Katikati mbuzi. Nyuma, leso mdomoni kwa ajili ya vumbi la barabara ya Handeni, Mzee Habakuki. Mzima! Mnene! Akashuka, akafungua leso, akauliza kuna msiba wa nani.

Nilimkumbatia. Nilimkumbatia na mbuzi. Nikamwambia shikamoo mara tatu, akaitikia marahaba mara tatu, kila moja ikanishukia kama maji ya baridi. Yu hai! Ana midomo ya kawaida!

Alikwenda Kwaluguru jana, akalala huko, kumchagua mbuzi wa kusherehekea mpishi mpya. Alikuwa na aproni mpya ndani ya mfuko wa nailoni, imetariziwa mfukoni herufi P, ya Petro. Nimeiona kwa macho yangu. Ningefunga mdomo dakika mbili tu, ingekuwa shingoni mwangu.

Semboja hakuniruhusu hata kufikiri. Akamsimulia mzee upya kuanzia mwanzo, kwa vitendo. Alikamua shati lake kuonyesha nilivyokamua. Alilia kama ninavyolia, na alilia vizuri kuliko mimi.

Mzee akasikiliza yote. Akasema yeye amevuta vumbi la mkonge miaka thelathini na mmoja, koo lake limekuwa gome. Alihisi muwasho kidogo, akadhani ni pilipili ya Kigoma, na kwa kweli aliipenda. Lakini hawezi kuwalisha vijana uchafu wa chini ya mashine kwa sababu yeye hausikii muwasho. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema ndiyo mzee. Akaniuliza kama nataka kusema lolote. Nikasema nashukuru hukufa. Akageuka akatazama pembeni muda mrefu, mabega yakimtikisika.

Jiko limekwenda kwa dada Hajira. Hakuwa hata ameomba.

Na mimi nikarudi shambani. Sijui nisemeje. Jua kali, miiba, mgongo uleule, lakini sikuwa muuaji! Nimekata kuliko siku zote za mwaka huu. Nimeimba. Jirani kwenye mstari akaniuliza kama nimelewa.

Jumatano, 23 Julai

Leo tumekula tambi za dada Hajira. Alichemsha nyama ya sokoni jana jioni, akaiacha ipoe, leo asubuhi akaondoa utando mweupe na kijiko. Mchuzi mwepesi, mtamu, bilinganya imeyeyuka humo, huwezi kujua ni nyama au siyo. Mzee kaongeza mara mbili. Haukumwasha mtu. Dada Hajira alipofika kwangu aliniambia nimsalimie rafiki yangu. Nikamwambia ameacha upishi. Akanimiminia kijiko cha ziada.

Nimekaa kivulini na sahani yangu nikasema moyoni: Petro, umeponea chupuchupu. Sasa tulia. Usijifanye tena kujua usichokijua. Kata mkonge wako, kula, lala, tuma chochote nyumbani. Amani niliyoisikia sijawahi kuisikia tangu nije huku.

Nilikuwa bado namalizia sahani hiyohiyo Loishiye alipokuja kumwona mzee. Shamba limekubali ng'ombe wake waje kula majani katikati ya mistari ya mkonge, ila lazima wachanjwe kwanza, na mtu wake wa chanjo amevunjika mguu. Ng'ombe themanini. Anatafuta mwenye mkono mwepesi wa sindano. Kazi ni wiki mbili, chini ya miti, ukiwa umesimama wima.

Wima!

Nimemwambia Kasulu nzima walikuwa wananiita daktari. Tunaanza kesho saa moja asubuhi. Kasema tutaanza na dume, maana yeye ndiye anayesumbua kidogo.