Ngazi za Ghorofa Mbili

Jumatatu, 9 Juni.
Miezi mitatu tangu moyo uniangushe. Miezi mitatu Zilpah, mke wangu kwa miaka thelathini na nane sasa, analala kitanda cha wageni. Anasema ni joto. Joto gani, na vitanda viko chumba kimoja? Leo kliniki nilimuuliza Daktari Lilly kwa niaba ya rafiki mwenye maradhi kama yangu: anaweza kurudi kwa mkewe? Akatabasamu. Akasema rafiki akipanda ngazi za ghorofa mbili bila kuishiwa pumzi wala kubanwa kifua, kwa kawaida anaweza. Ila anayetumia kidonge cha moyo cha kuweka chini ya ulimi asiguse dawa za nguvu za kiume. Presha itaporomoka, atakufa. Na rafiki aje na mkewe. Mkewe wa nini?

Jumanne, 10 Juni.
Nimeacha cherehani, nimekwenda hoteli moja ya mtaa wa Amarat. Nikamwambia askari wa mlangoni nimekuja kupima mapazia. Nikapanda mbio. Ghorofa ya pili pumzi ikakatika, nikasimama kupima dirisha. Nililipima mara tatu. Askari akaja kuuliza kama linakua.

Jumatano, 11 Juni.
Matiya, jirani muuza mkaa, ana miaka sabini na moja na mke mpya. Nilimgusia tu shida yangu. Akanipa kidonge cha bluu. "Mzee Eriya, hii moja tu, kalas, imetosha. Mama atasahau umri wako."

Nikajiambia onyo la daktari lilikuwa la rafiki. Nikakitia mfukoni, nikaenda kuoga. Kutoka, Zilpah ameketi na suruali yangu magotini. Mezani ameweka kidonge kile kando ya chupa yangu ya vidonge vya chini ya ulimi. Hakupaza sauti.

"Baba Angella, unajua kwa nini nilihama kitanda?"

Nikasema joto.

"Siku ile ulianguka mikononi mwangu, kitandani mwetu. Nilidhani nimekuua."

Miezi mitatu tumelala umbali wa hatua tatu, na sikujua. Kidonge akakitupa chooni.

Alhamisi, 12 Juni.
Tumekwenda kliniki pamoja. Zilpah aliuliza yote, kwa majina yake. Mimi nilisoma bango la chanjo mara nne. Daktari akamwambia hakuniua. Moyo ulikuwa umechoka tangu zamani. Akasema tuanze taratibu, kukumbatiana nako kumo. Nitembee kila siku. Kifua kikibana, niache, nitafute msaada. Kisha akatupandisha ngazi za jengo lao, mwendo wa pole, Zilpah amenishika mkono. Ghorofa mbili. Mimi salama. Aliyehema ni Zilpah.

Jumamosi, 14 Juni.
Zilpah amerudi. Kwanza tulicheka, maana hatukukumbuka nani hulala upande wa ukuta. Mengine hayaandikwi. Asubuhi ameimba jikoni, na chai ameitia tangawizi nyingi.

Jumapili, 15 Juni.
Baada ya ibada Matiya alinivuta kando, akauliza kama dawa yake ilifanya kazi. Nikasema sana. Anajisifu kwa wazee wote. Nimemwacha.

Lakini wakati wa mahubiri nilikuwa nikipiga hesabu. Ikiwa ghorofa mbili zimeniletea haya yote, tano zitaniletea nini? Kuna jengo la ghorofa tano Amarat. Kesho Zilpah anakwenda sokoni. Nimemwambia nitashinda nyumbani nikishona.