Kiti cha Baba Mkwe Kinamasini

Jumanne, 14 Novemba

Nimefika kambini saa nane mchana. Lyle amenitangulia, kama kawaida yake. Ameshapasua kuni, ameshawasha jiko, na nimemkuta amepiga magoti akimvua baba yake viatu. Mtu mzima gani anamvua baba yake viatu mbele ya watu? Anayetaka kitu.

Tuko watatu, kama kila mwaka. Mzee Alcide Gauvreau, baba mkwe wangu, miaka themanini na minne. Mwanawe Lyle, shemeji yangu. Na mimi, Onni Pelkola, dereva wa basi la shule, mume wa Marlys kwa miaka ishirini na mitatu. Onni, kwa Kifini cha babu zangu, ni bahati. Baba yangu alipenda utani.

Msimu wa kulungu unafunguliwa kesho alfajiri. Tukiwa mezani Mzee akatoa tangazo. Miguu imemwisha. Huu ndio mwaka wake wa mwisho kwenye kiti. Kiti chenyewe ni kibanda cha mbao ukingoni mwa kinamasi cha mierezi, na hakuna kulungu wa eneo hili asiyepita mbele yake. Jumapili atamtaja atakayekirithi. Akasema hataangalia pembe, ataangalia mtu.

Nimemwelewa. Ataangalia pembe.

Kisha, kwa desturi yake, kila mmoja aseme lengo lake la msimu. Lyle akasema atawaacha madume wachanga wapite, wakue. Mzee akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama yuko kanisani. Mimi nikasema lengo langu ni utulivu wa moyo. Nililisoma hilo kwenye jarida kwa daktari wa meno: mwindaji hushinda kichwani kabla ya kushinda msituni. Mzee akaniuliza kama jino limepona.

Malengo yangu ya kweli ni haya. Kwanza, kiti. Pili, dume mkubwa kuliko wa Lyle. Tatu, kuuona uso wa Lyle nikishapata mawili ya kwanza.

Jumatano, 15 Novemba

Siku ya kwanza! Theluji hadi kifundo cha mguu. Nimekaa pale ninapokaa kila mwaka, juu ya shimo la kokoto la jirani. Mwaka wa ishirini na mbili huu. Nikipewa kulungu hapo, basi ni kulungu aliyepotea njia.

Nilifuata mafunzo ya jarida. Vuta pumzi, hesabu hadi nne. Toa pumzi, hesabu hadi nne. Saa moja na nusu asubuhi nikasikia kijiti kimevunjika. Nikainua bunduki, nikatazama kwenye darubini yake: ukungu mtupu. Utulivu wangu wa moyo ulikuwa umeganda kwenye kioo. Nilipomaliza kufuta, kilichokuwepo kilikuwa kimeshaondoka zake.

Lyle ameacha madume wawili wapite. Mzee kamsifu mpaka supu imepoa. Na mimi sikupiga kitu! Nani kanisifu?

Alhamisi, 16 Novemba

Mbinu mpya. Wakati wa chakula cha mchana nikasema, kana kwamba si jambo, kwamba leo nimemwacha dume mwenye pembe za ncha sita apite. Nilimlenga, nikamhurumia, nikashusha bunduki. Nikaongeza kwamba machozi yalinilenga.

Mzee akafurahi. Akaniuliza alielekea wapi. Nikasema barabarani. Lyle akainua kichwa kutoka kwenye pasti yake (Marlys alitufungia kumi na mbili, zimejaa nyama na viazi), akasema ametoka kupita huko sasa hivi na theluji ni safi kama shuka. Hakusema kwa ubaya. Ndiyo kinachoniudhi. Angesema kwa ubaya ningejua la kujibu.

Nikasema labda alirukaruka.

Theluji ni msaliti. Inaandika kila kitu.

Ijumaa, 17 Novemba

Sitaki kuandika ya leo. Naandika.

Lyle ana picha ya dume wa ncha kumi, imepigwa na kamera aliyoifunga mtini karibu na kichanja chake cha kuwindia, kilichojengwa juu mtini. Shingo kama pipa. Anatuonyesha kila jioni kama mtu mwenye mjukuu. Nikafikiri: kulungu anaishi kwa pua. Na mimi nina soksi za siku nne.

Saa nne asubuhi, Lyle akiwa kambini anampikia Mzee uji, nikaenda kichanjani kwake. Bunduki niliiacha kwangu, nipande kwa wepesi. Nikatundika soksi moja kwenye tawi, upande unakotokea upepo. Nilikuwa nimeshika ya pili nilipohisi natazamwa.

Ncha kumi. Hatua kumi na tano. Mvuke unamtoka puani. Akanitazama, akaitazama soksi, akanitazama tena. Sijawahi kuona kiumbe kizuri kama yule, na sijawahi kudharauliwa vile. Kisha akageuka akaondoka. Hakukimbia. Alitembea!

Nimewinda miaka ishirini na miwili kutafuta dakika ile. Nimeipata nikiwa na soksi mkononi, na siwezi kumsimulia mtu.

Jioni Lyle akarudi, akatoa soksi mfukoni, akaitundika juu ya jiko ikauke. Marlys ndiye aliyezifuma, kijani na nyeupe, hakuna mwingine mwenye nazo. Mzee akauliza imetoka wapi. Lyle akasema, "Shemeji aliidondosha njiani, Baba." Basi. Hakuniangalia hata.

Amenisitiri! Sitamsamehe kamwe.

Jumamosi, 18 Novemba, mchana

Ushindi! Alfajiri Mzee akasema hawezi kufika kwenye kiti peke yake, anataka mtu wa kumshika mkono na kukaa naye. Lyle akawa anavaa buti. Mzee akasema, "Wewe kaa. Leo nataka Onni." Nilimtazama Lyle. Alitabasamu. Maskini, kujikaza kule.

Tulitumia karibu saa nzima kufika. Mzee ni mwepesi kama kapu tupu. Tukakaa bega kwa bega, na akaanza kuzungumza kwa sauti ya chini. Misimu sitini na mmoja. Mkewe aliyewahi kukaa hapa, akala tufaha kwa kelele mpaka msitu mzima ukakimbia, na yeye akaona afadhali mke kuliko kulungu. Mambo mengi alisema. Sikuyasikiliza yote. Nilikuwa natazama mierezi.

Saa tatu na dakika kumi, akatokea. Yule yule.

Mzee akainua bunduki yake. Mikono ilikuwa imetulia, ile mikono ambayo haishiki kikombe bila kumwaga. Alimlenga kwa muda mrefu. Kisha akaishusha. Akaweka kiganja juu ya goti langu, akanong'ona, "Mwache apite, mwanangu. Huyu tumwache." Machozi yalikuwa yanamtiririka mashavuni.

Nikamwangalia dume. Nikahesabu ncha. Kumi.

Nikapiga.

Nilipiga mbele ya kifua cha Mzee, mtutu juu ya magoti yake. Dume akajikunja mgongo, akaingia kwenye mierezi. Tumboni. Nilijua pale pale kwamba ni tumboni.

 Mzee alitoa kifaa chake cha kusikilizia sikioni, akakifuta na leso, akakiweka mfukoni. Tulirudi kambini hivyo, nimemshika mkono, naye hanisikii.

Jumamosi hiyo hiyo, jioni

Mnyama aliyepigwa tumboni haandamwi mara moja. Unampa saa kadhaa alale, la sivyo atakimbia mpaka akupotee. Lyle alisema atakuja nami. Sikumwomba.

Yeye ndiye aliyesoma damu. Tone hapa, tone pale, lenye uchafu wa kijani ndani yake. Mimi nilikuwa nyuma, natumbukia kwenye maji chini ya barafu. Saa mbili nzima. Nikasema labda kidonda ni kidogo, labda atapona. Lyle akasimama, akanigeukia. Akasema, "Hapana, shemeji. Hawezi kupona." Akaendelea.

Tulimkuta amelala chini ya mwerezi ulioanguka. Hai. Kichwa kimeinuka, na ile shingo. Nikampa Lyle bunduki, nikasema mikono yangu imekufa ganzi. Hakuipokea. Wala hakunilaumu. Alisimama tu pembeni yangu akisubiri, mpaka nikafanya ilivyonipasa.

Mnyama alinitazama mpaka mwisho. Sitaandika zaidi kuhusu hilo.

Tumemburuta pamoja. Lyle alishika pembe ya kulia, mimi ya kushoto. Njia nzima alizungumzia hali ya hewa.

Jumapili, 19 Novemba

Mjini kuna nguzo ndefu, kila mtu anatundika dume wake watu waone, na pembe zinapimwa kwa shindano. Wangu ameshika nafasi ya tatu! Wamemfungia utepe. Nimepigwa mabega na watu wasionisalimu mwaka mzima. Nikasimulia. Kwenye masimulizi alikuwa hatua mia na hamsini, anakimbia, upepo unavuma. Nilipofika kwenye upepo nikageuka nikamwona Lyle nyuma yangu. Akasema ni kweli, upepo ulikuwepo.

Mzee alibaki ndani ya gari. Nilimpungia mkono. Kioo kilikuwa na ukungu, labda hakuniona.

Tuliporudi kambini nikakaanga ini kwa vitunguu. Mzee hakugusa. Kisha akasema ameamua.  Kiti anamwachia Marlys.

Marlys!

Marlys ambaye hajashika bunduki tangu tuoane! Nikauliza kwa heshima zote ni kwa kigezo gani. Mzee akasema alipokuwa msichana alikaa naye pale misimu minne na hakuwahi kuuliza saa ngapi. Lyle akaipiga meza kofi kwa furaha. Akasema, "Baba, hiyo ndiyo!" Akacheka mpaka akakohoa. Amenyimwa kiti cha baba yake mzazi, na anacheka! Ana tatizo kichwani, nilijua siku nyingi.

Jumatatu, 20 Novemba

Nyumbani. Marlys alikuwa ameshaongea na baba yake kwa simu. Nilimwonyesha utepe. Akauliza kama ni kweli baba yake alisema nimwache yule dume. Nikasema alinong'ona, na kunong'ona kunaweza kuwa na maana nyingi. Akaenda kufua. 

Jumanne, 21 Novemba

Marlys ametamka maneno manane: "Nenda kamwombe baba yangu msamaha kabla ya Shukrani."

Nimeandika rasimu. Ya kwanza: "Samahani kama risasi ilikusumbua." Marlys ameichana. Ya pili: "Samahani kwamba hatukuelewana." Imechanwa. Ya tatu ilianza na habari za pumzi na jarida. Hiyo hakuichana. Aliisoma mpaka mwisho, akanitazama kama yule kulungu, akatoka.

Alhamisi, 23 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Kwa Mzee.

Nilimkuta jikoni peke yake, amekaa kwenye stuli, anamenya viazi. Rasimu ya nne ilikuwa mfukoni. Sikuitoa. Nikasema, "Baba, uliniambia nimwache, nami nilikusikia. Nilikusikia vizuri kabisa." Nikakwama hapo.

Akaweka kisu chini. Akasema kaa. Nikakaa kwenye sanduku la vitunguu. Akaniambia mwaka wa 1967 alimpiga kulungu jike ambaye baba mkwe wake alikuwa akimlenga. Akamwahi kwa makusudi, kwa sababu yule mzee alimwita mvivu mbele ya watu. Ilimchukua miaka kumi kumwomba radhi. Akafika nyumbani kwake na maneno tayari, akakuta anazikwa wiki ile.

"Wewe umechukua siku tano," akasema. Akanishika mkono, kiazi kikiwa katikati. "Siku tano si mbaya, mwanangu."

Nililia. Nakiri. Nililia kwenye maganda ya viazi. Alisema mwakani miguu ya Marlys ni mizima ila ameusahau msitu, nikae naye pale kinamasini, bila bunduki, nijifunze kutazama. Nikasema nitafurahi. Na kwa dakika kadhaa nilifurahi kweli. Nilihisi wepesi, kama nimevuliwa koti lililolowa.

Tukala. Bata mzinga alikuwa mkavu, lakini sikumwambia mtu. Lyle alinipa paja bila kuulizwa.

Nimerudi nyumbani na nimekaa nafikiria. Siku tano! Mzee mwenyewe miaka kumi, na akachelewa. Kwa hiyo nimemshinda kwa miaka tisa na ushei. Na Lyle je? Lyle hajawahi kumkosea baba yake maishani mwake. Hajawahi kushikwa mkono vile, kiazi katikati. Hana cha kuombea radhi, maskini. Katika uwanja huu hawezi kunikaribia hata kidogo!

Mwakani sitapoteza wiki nzima. Mwakani nitakosea siku ya kwanza, asubuhi mapema, kabla ya kahawa.